Mninga Huanza Chini

(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, wafugaji nyuki, mafundi seremala na wanafunzi wa ukanda wa miombo, magharibi mwa Tanzania. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, wajumbe wa kamati, warina asali, mafundi, walimu na wanafunzi. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mninga. Humu ndani hakuna asiyeujua mninga. Tumelala juu ya vitanda vyake, tumefungua milango yake, tumekaa kwenye viti vyake. Lakini naomba niulize: ni wangapi kati yetu wanaoutambua mninga ukiwa na urefu wa shubiri moja, umejificha kwenye nyasi, shina lake jembamba kuliko kalamu? Nyoosheni mikono. Naona mikono michache. Basi hapo ndipo ilipo kazi yetu ya leo. Mninga tunaujua ukishakuwa ubao. Ukiwa mche hatuujui, na kwa kutoujua tunaufyeka wenyewe kwa panga zetu.

Tuanze juu, kwenye ua, maana ua ndilo linaloonekana kwa mbali.

Mninga hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Kuanzia mwezi wa sita au wa saba mti unabaki matawi matupu. Halafu, mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijanyesha, wakati ardhi ni kavu na joto ni kali kuliko miezi yote, mti unavaa manjano. Ni manjano yenye rangi ya machungwa ndani yake. Maua hutangulia majani au hutoka pamoja na majani ya kwanza. Yanakaa kwenye mashada ya sentimita 10 hadi 20, na kila ua lina umbo la ua la kunde, kwa sababu mninga ni wa jamii ya mikunde: petali moja kubwa imesimama nyuma, mbili ubavuni, mbili za chini zimekutana. Petali zake zimekunjamana pembeni. Yana harufu nzuri, na nyuki wanayafuata kwa wingi. Warina asali mnajua: ukisimama chini ya mninga uliochanua asubuhi, unausikia kabla hujautazama.

Mchanuo wa mti mmoja hauzidi wiki mbili au tatu. Wiki mbili au tatu, ndugu zangu! Mwaka mzima mti umejiandaa kwa wiki hizo. Moto ukipita msituni wakati huo, mbegu za mwaka mzima zimekwenda. Nitarudi kwenye moto.

Sasa tulifuate ua moja lililochavushwa mwezi wa kumi. Petali zinaanguka, na mahali pake linatokea ganda la kijani, bapa, la mviringo. Linakua mvua nzima, miezi minne au mitano. Likikomaa linageuka kahawia, lina upana wa sentimita 8 hadi 15, na pembeni limezungukwa na ubawa mwembamba wenye mawimbi. Katikati pamevimba, na hapo pamejaa nywele ndefu ngumu za karibu sentimita moja. Kwa mbali unaweza kudhani ni tunda la shokishoki lililobandikwa kwenye karatasi, ila nywele hizi zinachoma vidole. Ndani ya uvimbe huo mara nyingi kuna mbegu moja tu. Wakati mwingine mbili. Wakati mwingine hakuna kitu.

Ganda la mninga halipasuki lenyewe. Linaning'inia mtini miezi mingi, hata majani yakishaanguka, na hiyo ndiyo alama rahisi kuliko zote: mwezi wa saba au wa nane, ukiona mti hauna jani hata moja lakini umejaa maganda ya mviringo ya kahawia yenye nywele, huo ni mninga. Baadaye upepo unayaangusha. Ubawa unasaidia, ila ganda ni zito, kwa hiyo mengi hayaendi mbali na mti mama. Chini yanasubiriwa. Nyani wanayatafuna, kindi wanayatoboa, wadudu wanaingia. Yaliyobaki yanafungwa na ganda lenyewe, gumu, lisiloruhusu maji kuifikia mbegu upesi. Inakadiriwa kwamba katika hali ya asili, kati ya maganda 100 ni kama 2 tu yanayotoa mche. Kwa hiyo mche mmoja mnaouona kwenye nyasi nyuma yake yako karibu maganda hamsini yaliyopotea. Kumbukeni hesabu hiyo kila mnaposhika panga.

Kabla hatujashuka chini, neno kwa wanafunzi kuhusu miti inayochanganywa na mninga. Mjohoro unaopandwa kando ya barabara na kwenye viwanja vya shule nao una maua ya manjano, lakini uliletwa kutoka Asia, na haubaki mtupu kama mninga. Tazameni jani. Jani la mninga lina vijani, yaani vijijani vidogo, 11 hadi 19, wakati mwingine zaidi, na ncha yake inaishia na kijani kimoja kilicho peke yake. Jani la mjohoro linaishia na vijani viwili. Ganda la mjohoro ni refu na bapa. Kuna pia ndugu wa mninga mwenye vijani vichache, vikubwa, vya mviringo, ambaye ganda lake lina ubawa lakini katikati halina nywele ngumu. Mkurungu nao ni wa ukoo huohuo, na mbao zake huchanganywa na za mninga sokoni. Kwa hiyo anayetaka kuwa na uhakika achukue jani na ganda, vyote viwili.

Najua wengi mnautambua kwa kuukata panga ubavuni uone utomvu mwekundu. Utomvu huo ni kweli ni alama yake, unanata, na ukigusa nguo hautoki. Lakini nawaomba muache kipimo hicho. Gome la mninga ni la kijivu iliyokoza, limepasuka vipandevipande vya pembe nne, na gome hilo ndilo kinga yake dhidi ya moto. Kila jeraha ni mlango wa ukungu na wadudu, na ni mahali ambapo moto wa mwaka ujao utaingia hadi kwenye mti wenyewe. Jani na ganda vinatosha.

Mninga unakaa wapi? Ukiangalia ramani, unaanzia Tanzania na Kongo, unashuka Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Angola, kaskazini mwa Botswana na Namibia, hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Zambia wanauita mukwa, Msumbiji umbila, Afrika Kusini kiaat. Kenya hauoti wenyewe. Mninga wa mafundi wa kule hutoka kwetu na kwa majirani zetu wa kusini. Unataka mvua ya milimita 500 hadi 1,500 kwa mwaka, na unataka kiangazi kimoja kirefu kinachoeleweka. Unaota kuanzia karibu na usawa wa bahari hadi kama mita 1,650. Hapa kwetu ni Tabora, Katavi, Kigoma, Rukwa, na upande wa kusini Ruvuma na Lindi.

Lakini ramani haimsaidii mtu mwenye shimo la kupanda. Kinachomsaidia ni mteremko. Fikirieni mtu anatoka kwenye kigongo, anashuka hadi mbugani. Juu udongo ni wa kichanga au mwekundu, wenye kina, maji yanapita. Hapo kuna miombo, na ndani ya miombo kuna mninga, mmoja hapa, mwingine hatua nyingi mbele. Mninga haukai kundi zito, unajitenga. Anaposhuka, udongo unabadilika, nyasi zinaongezeka, mininga inapungua. Akifika mbugani, kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kutuamisha maji masika, anakuta migunga na nyasi. Mninga hakuna.

Sasa kikundi kinapata miche, kinatafuta eneo, na kinachagua karibu na mbuga. Kwa nini? Kwa sababu maji ya kumwagilia yako jirani. Miche inashika, mwezi wa pili mvua inazidi, maji yanatuama, mizizi inakosa hewa na kuoza. Mwezi wa nne miche imekufa, na watu wanasema mninga haupandiki. Mninga haukatai kupandwa. Unakataa maji yaliyosimama. Chimba sentimita 60 kabla ya kuchagua eneo. Ukikuta udongo wa mfinyanzi wenye madoa ya kijivu, au tabaka gumu lisilopitisha sururu, hapo pandeni kitu kingine.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo lenyewe lililonileta.

Tuseme mbegu imeota mwezi wa kumi na mbili. Hadi mvua inaisha, juu kuna shina la sentimita chache na majani machache. Mtu anautazama anasema, huu mche mnyonge. Lakini chini mzizi mkuu umeshuka, umekuwa mrefu kuliko shina na umeanza kunenepa. Kiangazi kinafika, shina linakauka lote. Lote! Linabaki kijiti, na kijiti chenyewe kinavunjika. Hakuna mche tena. Hivyo ndivyo unavyoonekana.

Mvua inayofuata, kutoka kichwani mwa mzizi uleule, linachipua shina jipya. Linafanya kazi mvua nzima, linateremsha chakula chini, na kiangazi linakauka tena. Mwaka wa tatu hivyo. Mwaka wa tano hivyo. Miaka 7, miaka 10, na penye udongo mbaya au kivuli hata zaidi ya 20. Miaka yote hiyo mninga unaishi chini ya ardhi, na juu unatutumia kijiti kimoja kila masika. Halafu, mzizi ukishakuwa na akiba ya kutosha, katika msimu mmoja unarusha chipukizi lenye nguvu, linalopita mita moja, na lile halikauki. Hapo ndipo tunaposema, tazama, mninga umeota. Haukuota mwaka huo. Ulikuwepo.

Sasa niwaulize: mtu anayeng'oa kijiti kikavu mwezi wa nane akidhani kimekufa, ameng'oa nini? Mtu wa kitalu anayemwaga viriba, vile vifuko vya miche, mwezi wa saba kwa sababu miche imekauka, amemwaga nini? Hata ukimwagilia kitaluni, shina linaweza kukauka vilevile. Ndiyo tabia yake. Kausha kiriba kidogo, kiweke kivulini, subiri mvua. Usimwage. Nasema tena, usimwage.

Na shamba je? Jembe la mkono linakata shina na kuuacha mzizi. Ndiyo maana shamba la tumbaku au mahindi likiachwa, baada ya masika mawili matatu mnaona mininga inachomoza: jua lipo, mizizi ya zamani ipo. Trekta linalogeuza udongo kila mwaka, na kung'oa visiki kwa sururu, huko ndiko kunakoua. Mkulima anayefungua shamba jipya akiacha visiki vya mninga na mizizi yake pembezoni mwa matuta, ameacha msitu wa mjukuu wake.

Kwa hiyo kabla kijiji hakijanunua mche hata mmoja, kihesabu mininga kiliyo nayo chini. Nendeni mwezi wa kwanza au wa pili, majani yakiwa yamefunguka na nyasi hazijawazidi kimo. Pimeni kwa kamba kiwanja cha mita 20 kwa 20. Tembeeni mkiwa mmepangana mstari, hatua mbili kati ya mtu na mtu. Andikeni makundi matatu: iliyo chini ya goti, iliyo kati ya goti na urefu wa mita tatu, na iliyozidi hapo. Fanyeni viwanja kadhaa, vya kigongoni na vya mteremkoni, msichague pazuri tu. Mkikuta viwanja vingi vina miche ya kundi la kwanza na la pili, hamna haja ya kitalu. Mna haja ya kuitunza iliyopo. Kwenye kisiki au mzizi wenye machipukizi mengi, acheni moja lililonyooka na lenye nguvu, mengine mpunguze kwa makasi au panga kali, karibu na chini.

Kundi la pili, la kati ya goti na mita tatu, ndilo lililo hatarini kuliko yote, na hatari yake ni moto.

Watu wengi wanadhani moto ni mmoja. Moto si mmoja. Moto wa mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, unatambaa chini, unaruka mahali na kuacha mahali, na usiku umande unauzima. Moto wa mwezi wa tisa au wa kumi unakuta nyasi kavu kabisa na upepo mkali. Unapanda hadi kwenye matawi, na unakuta mninga uko kwenye maua na majani machanga. Miti mikubwa yenye gome nene itapona, lakini maganda ya mwaka huo hakuna. Mche ulio chini ya goti, shina lake lilishakauka, moto unapita juu na mzizi uko salama. Ila ule wa mita moja na nusu, uliotumia akiba ya miaka kumi kurusha shina, unaunguzwa hadi ardhini. Unarudi nyuma miaka.

Kwa hiyo, kama kamati na ofisi ya misitu mmekubaliana kuchoma mapema, chomeni mapema, mvua zikishaisha tu, jioni, upepo ukiwa umetulia, watu wakiwa na matawi mabichi mkononi. Na kabla ya hapo, kila mninga wa kundi la pili uondoleeni nyasi na majani makavu kuuzunguka, mita moja au moja na nusu kila upande, hadi udongo uonekane. Wapo wanaosema basi tuzuie moto kabisa, miaka yote. Msitu ukikaa bila moto miaka mingi vichaka vinafunga, na mninga mchanga haustahimili kivuli. Tena nyasi zinarundikana, na moto ukija kwa bahati mbaya unakuwa mkali kupita wote.

Wenye vitalu, nawajia kwa ufupi, hatua kwa hatua. Vuneni maganda ya kahawia yaliyokauka mtini, kutoka kwenye miti iliyonyooka na yenye afya, na kutoka miti mingi, si mmoja. Pasueni kwanza maganda kumi ya kila mti. Kama nusu hayana mbegu au yametobolewa, msijaze magunia. Nendeni mti mwingine. Vaeni glovu. Nywele ziunguzeni kwa mwali mdogo wa sekunde chache tu, au zikateni kwa makasi. Kateni ubawa, kisha kateni ukingo wa uvimbe taratibu kwa makasi ya kupogolea, mfungue. Msigonge kwa nyundo wala jiwe, kwa sababu mbegu ni laini na inavunjika vipande viwili kwa urahisi. Hapo ndipo mbegu nyingi zinapoharibikia. Lowekeni kwenye maji ya kawaida usiku mmoja. Pandeni kina cha sentimita moja, kwenye viriba virefu iwezekanavyo, maana mzizi unashuka haraka na ukifika chini unajikunja, na uliojikunja hautatoa mti imara. Tumieni mchanga mwingi, mboji kidogo, na konzi ya udongo kutoka chini ya mninga uliokomaa, ili upate vijidudu vya kwenye vinundu vya mizizi vinavyotega naitrojeni. Mbegu nzima huota ndani ya wiki chache. Mimi ningependelea kupanda mbegu moja kwa moja shambani mvua zikishika, mbegu mbili kila shimo, kuliko kuhamisha miche, kwa sababu ya mzizi huo.

Na sasa mafundi na wafanyabiashara wa mbao. Kwa kuwa mninga hukaa bila majani kila kiangazi, ukuaji wake unasimama, na kila mwaka unaacha pete moja kwenye mti. Magharibi mwa Zimbabwe watafiti walizipima pete hizo, wakazilinganisha na kumbukumbu za mvua, na mwaka 2006 wakachapisha historia ya mvua za huko kuanzia mwaka 1796 hadi 1996. Miaka 200 ya ukame na neema, imeandikwa ndani ya mininga! Pete nyembamba, mwaka wa ukame. Pete pana, mwaka wa mvua. Sasa fanyeni hesabu ndogo. Mti ukinenepa milimita 4 kwa mwaka, kufikisha kipenyo cha sentimita 40 ni miaka 100. Na hiyo haihesabu miaka ya chini ya ardhi.

Mbao ya thamani ni ile ya kahawia ya katikati. Pembeni kuna mti mweupe, na huo wadudu wanautoboa. Mninga mwembamba una weupe mwingi na kahawia kidogo, kwa hiyo anayekata mti mdogo amepoteza miaka na hajapata ubao. Tena kuna desturi ya kukata iliyonyooka yote na kuacha iliyopinda. Maana yake ni kwamba mbegu zote zijazo zitatoka kwenye iliyopinda. Kamati iteue miti mama iliyonyooka, iipige rangi, isiguswe. Na mafundi, vumbi la mninga linawasha pua na linaweza kuleta pumu. Fungeni barakoa mnapopiga randa na msasa.

Kisheria, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawapa nafasi ya kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kuupangia matumizi na kupata mapato yake. Na mwezi wa kumi na moja mwaka 2022, huko Panama, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ziliuingiza ukoo wote wa mninga wa Afrika kwenye Kiambatisho cha Pili. Biashara haikupigwa marufuku. Ila mbao zinazovuka mpaka sasa zinahitaji kibali kinachoonyesha kwamba uvunaji hauumalizi mti huo porini. Kijiji chenye daftari la hesabu za viwanja, lenye makundi yale matatu mwaka hadi mwaka, kina kitu cha kuweka mezani. Kisicho nalo kitasubiri wengine wakihesabie.

Basi kila kamati ichague leo watu wanne wa kushika kamba na daftari mwezi wa kwanza. Na kwa kuwa maganda ya mwaka huu yameshakauka juu ya miti, naomba wenye vitalu waanze kuuliza maswali.